Jinsi ya kupima plazma ya leza kwa mwanga na eksrei: mwongozo kwa walio maabara za Kisumu, Kakamega na Nakuru

Mtu akiniambia amepiga shaba na leza, akapima plazma, ile gesi ya moto ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, akapata joto la elektronivolti (eV) 1, mimi namuuliza kwanza: wakati gani, na umbali gani kutoka kwa shabaha? Manake hii kitu inabadilika haraka sana. Nanosekunde chache za kwanza, pale karibu kabisa na chuma, elektroni zinaweza kuwa na makumi ya elektronivolti hadi mia na zaidi kama leza yako ina nguvu, na hapo ndio eksrei zinatoka. Mikrosekunde moja baadaye, milimita moja hivi mbele, unakuta wingu limepoa limebaki na kama elektronivolti 1, yaani karibu kelvini 11,600, na hilo ndilo spektromita ya mwanga wa kawaida, kifaa kinachogawanya mwanga kwa rangi zake, inaliona vizuri. Zote ni za shoti hiyo hiyo moja, yaani pigo moja la leza. Ukiziweka kwa jedwali moja bila kuandika saa na mahali, utasema vifaa vinapingana na kumbe kila kimoja kimekuambia ukweli wake. Naona vijana wetu huku magharibi wakifanya kazi nzuri sana ya mikono, wanalenga leza mpaka usiku, alafu kazi yote inaharibikia hapo, na inaniuma.

Natumia mfano wa leza ya Nd:YAG ya nanosekunde, kwa sababu ndiyo ya kawaida kwa kazi hii. Inatoa nanomita 1064, na ukiweka fuwele ya kuongeza masafa unapata 532, 355 au 266. Shabaha nachukua shaba, kwanza inapatikana kirahisi, kipande cha waya nene ya stima kikisuguliwa na msasa kinatosha, pili mistari yake ya spektra, yaani rangi maalum ambazo atomi zake zinatoa, inajulikana vizuri sana.

Kabla haujawasha chochote

Nanomita 1064 haionekani kwa macho. Usisubiri kuona mwanga ndio uogope, jicho lenyewe litaukusanya kwa retina na hiyo haitibiki. Miwani iwe imeandikwa 1064 na 532 zote mbili, ile ya fundi wa kuchomelea haifai hata kidogo. Toa saa, pete na bangili, weka njia ya miale chini au juu ya kimo cha macho ya mtu aliyeketi, na mlango uwe na taa ya onyo. Upande wa eksrei, kwa leza ya meza yenye nanosekunde kadhaa, eksrei zinazotoka ni laini na ukuta wa chemba wa chuma wa milimita kadhaa unazimaliza, lakini dirisha jembamba au plastiki ni stori nyingine. Kama mko na leza ya mapigo mafupi kabisa ya femtosekunde, eksrei ngumu zinaweza kutoka, na hapo ongeeni na KNRA, hawa ndio wanasimamia mambo ya mionzi hapa Kenya, kabla ya shoti ya kwanza.

Alafu stima. Kisumu na Kakamega mvua ya alasiri ikija na radi, zima na uchomoe, usiseme nimalizie hii seti. Kompyuta na spektromita ziwe kwa UPS, na leza iwe na laini yake peke yake, kwa sababu ile swichi ya ndani inayotoa pigo la leza inatupa kelele ya umeme ambayo inaingia kwa kila kebo iliyo karibu.

Hatua ya 1: jua umeweka nguvu ngapi kwa kila sentimita mraba

Hesabu yenyewe ni rahisi, nishati gawanya kwa muda wa pigo, alafu gawanya kwa eneo la spoti. Milijuli 100 kwa nanosekunde 8 ni megawati 12.5. Spoti ya kipenyo cha mikromita 100 ina eneo la kama 7.9 × 10^-5 cm², kwa hivyo unapata karibu 1.6 × 10^11 W/cm². Sasa shida ni ile spoti. Watu wanaandika kile kipimo walichohesabu kutoka kwa fokasi ya lenzi kana kwamba mwale wao hauna kasoro, na ukikosea kipenyo mara mbili umekosea nguvu mara nne.

Njia ambayo naiamini ni ya mashimo. Chukua kipande laini cha silikoni au chuma kilichong'arishwa, piga shoti moja moja mahali tofauti ukibadilisha nishati, kutoka ndogo kabisa inayoacha alama mpaka kama mara kumi yake, pima kipenyo cha kila shimo kwa darubini. Chora kipenyo mraba dhidi ya logi asilia ya nishati. Kama mwale wako una umbo zuri la kengele unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ni mara mbili ya nusu kipenyo cha spoti mraba. Ukipata mstari uliopinda basi mwale una madoa, nenda urekebishe leza, usiendelee. Risiti ya supamaketi, ile karatasi inayogeuka nyeusi ikipata joto, inasaidia kuona umbo la mwale kabla ya lenzi, lakini kwa fokasi usiitegemee.

Weka lenzi ili fokasi iwe ndani ya shabaha kidogo na sio mbele yake. Ikiwa mbele, hewa yenyewe inapasuka kabla mwale haujafika kwa shaba, unasikia mlio mkali, unaona cheche nzuri, na unapima naitrojeni.

Hatua ya 2: tengeneza saa sifuri, na usifanye haraka hapa

Hapa ndio mimi nataka mtu atumie siku nzima kama inabidi. Kila kipimo kitakachofuata kitasimama juu ya hii.

Weka fotodaiodi ya haraka ione mwanga kidogo wa leza uliotawanyika, iunganishe kwa oskiloskopu ukitumia kituo cha om 50. Oskiloskopu ya MHz 200 ina muda wa kupanda wa kama nanosekunde 1.75, hiyo inatosha kwa pigo la nanosekunde 8, na ya MHz 500 ni nzuri zaidi kama utataka kuona umbo la eksrei. Kila mita ya kebo ya kawaida ya RG58 inachelewesha ishara kwa nanosekunde 5. Kwa hivyo ukiwa na fotodaiodi kwa kebo ya mita 2 na daiodi ya eksrei kwa kebo ya mita 6, tayari una nanosekunde 20 za uongo kwa skrini. Kata kebo zote urefu mmoja au andika tofauti kwa plasta uibandike kwa kila kebo. Mwanga wenyewe hewani unaenda sentimita 30 kwa nanosekunde, hiyo pia uihesabu kama njia ni ndefu.

Kwa spektromita yenye kamera ya geti, yaani inayofunguka kwa muda mfupi sana na kufunga, usiamini namba ya programu, kamera ina ucheleweshaji wake wa ndani. Punguza nguvu ya leza iwe chini ya kiwango cha kutengeneza plazma, tumia nanomita 532, acha mwanga wake uliotawanyika uingie kwa spektromita, alafu sogeza geti fupi kidogo kidogo mpaka uone mstari wa 532 unatokea na kupotea. Katikati ya hapo ndio sifuri yako. Andika. Rudia kila asubuhi, na kila mtu akigusa kebo.

Hatua ya 3: rekebisha spektromita bila kulia pesa

Kwa urefu wa wimbi, bulb ya energy saver, ile ya kujikunja, ina zebaki ndani. Tafuta mistari ya nanomita 404.66, 435.83 na 546.07, na pale pembeni 576.96 na 579.07. Ile mwangaza ya rangi ya chungwa karibu na 611 sio zebaki, ni poda ya ndani ya bulb, iache. Mistari ya zebaki kwa bulb kama hiyo ni myembamba sana kuliko uwezo wa spektromita nyingi, kwa hivyo upana unaouona hapo ni upana wa kifaa chako chenyewe, uandike, utauhitaji. Ikivunjika fungua madirisha mtoke kwanza.

Kwa ukali wa mwanga, yaani kifaa kinaona buluu vizuri kuliko nyekundu ama vipi, unahitaji taa ya halojeni iliyopimwa. Kama hamna, chagua mistari iliyo karibu karibu, na hii ndio sababu nyingine napenda shaba: 510.55, 515.32 na 521.82 zote ziko ndani ya nanomita 12, hapo kifaa hakibadiliki sana.

Hatua ya 4: joto kutoka kwa mwanga

Mwanga wa kwanza kabisa ni mfululizo, hauna mistari, ni elektroni zikipunguzwa mwendo na ioni na zingine zikinaswa. Ukifungua kamera kutoka mwanzo utapata ukungu mweupe umefunika kila kitu. Kwa hewa ya kawaida na milijuli kama hizi, anza geti kwa nanosekunde 500 hivi, upana uwe mfupi kuliko kasi ya mabadiliko, tuseme nanosekunde 200, alafu usogee mbele mpaka mikrosekunde 3 au 4. Kama kamera yako haina geti fupi, tumia fotomaltiplaya, kipokezi nyeti cha mwanga, kwa mstari mmoja mmoja na oskiloskopu, ni kazi ndefu lakini inakupa saa kamili. Kusanya shoti nyingi, ukizungusha shabaha ili kila shoti chache zipate uso mpya, manake shimo likiingia ndani plazma inabanwa na kuta na inakuwa plazma tofauti.

Sasa mchoro wa Boltzmann, unaotoa joto kutokana na ukali wa mistari. Kwa kila mstari chukua eneo lake lote, sio kimo, zidisha kwa urefu wa wimbi, gawanya kwa gA (uzito wa ngazi ya juu mara kasi yake ya kutoa mwanga), chukua logi asilia, chora dhidi ya nishati ya ngazi ya juu. Mteremko ni hasi moja juu ya kT, na kT ni joto kwa eV. Kwa shaba ngazi ya juu ya 510.55 iko kwa eV 3.82, na zile mbili zingine ziko kwa 6.19. Thamani ya gA ni kama 8 × 10^6 kwa 510.55, 2.4 × 10^8 kwa 515.32, na 4.5 × 10^8 kwa 521.82. Ukitaka kuangalia haraka ukiwa bado umesimama kwa meza, gawanya eneo la 521.82 kwa eneo la 510.55. Ukipata karibu 5.1 uko kwa eV 1. Ukipata 2.8 uko kwa eV 0.8. Umeona vile uwiano unabadilika sana kwa joto kidogo, hiyo ni nzuri, inamaanisha kipimo kina makali. Lakini kwa mistari mitatu ambayo miwili iko kwa ngazi karibu sawa, kwa kweli una nukta mbili, kwa hivyo 515.32 kazi yake ni kukushtua kama kuna kitu kimekaa vibaya na sio kukupa joto. Kama unaandika tasnifu ongeza mistari mingine ya shaba yenye ngazi tofauti, hifadhidata ya NIST inayo yote bure.

Kuna mwizi anaitwa kujimeza, yaani plazma ya nje iliyo baridi inameza mwanga wa ile ya ndani. Angalia 324.75 na 327.40. Hiyo miwili inaishia kwa ngazi ya chini kabisa, na plazma ikiwa nyembamba kwa mwanga uwiano wake ni 2 kwa 1. Ukipata 1.3, au ukiona katikati ya mstari kuna shimo, basi mwanga umemezwa. Usitumie hiyo mistari kwa joto, na ushuku mingine pia.

Hatua ya 5: msongamano wa elektroni

Upana wa mstari wa hidrojeni ndio kipimo cha kawaida, kwa sababu uwanja wa umeme wa elektroni na ioni zilizo karibu unaupanua. Mstari wa 486.1 una upana wa nanomita 4.8 kwa nusu ya kimo msongamano ukiwa 10^17 kwa sentimita ujazo. Kwa upana mwingine, gawanya upana wako kwa 4.8, pandisha kwa kipeo cha 1.468, zidisha kwa 10^17. Mfano nanomita 2.0 inatoa kama 2.8 × 10^16. Toa kwanza ule upana wa kifaa ulioandika kwa hatua ya 3. Mapema sana huu mstari unakuwa mpana mpaka unapotelea kwa mwanga mfululizo, kwa hivyo subiri.

Hidrojeni inatoka wapi? Kutoka kwa unyevu, na Kisumu unyevu wa ziwa tunao. Kama mstari ni dhaifu, tengeneza tembe ya unga wa shaba uliochanganywa na selulosi kidogo, ukandamize kwa jeki. Ila jua hiyo ni plazma nyingine sasa, pima joto lake pia upya.

Ukishapata joto na msongamano, angalia kama una haki ya kutumia Boltzmann hata kidogo. Kigezo cha McWhirter kinasema msongamano uzidi 1.6 × 10^12 mara kipeuo cha pili cha joto kwa kelvini mara pengo kubwa la nishati, kwa eV, kwa kipeo cha tatu. Kwa shaba pengo ni kama 3.8, kwa eV 1 inakuja karibu 9.5 × 10^15. Ile 2.8 × 10^16 yetu imepita, ila sio kwa mbali, na ukingoja mikrosekunde zingine utashuka chini yake na lile joto halitakuwa joto tena. Na hata ukipita, hicho kigezo ni cha lazima lakini hakitoshi peke yake, kwa sababu plazma inabadilika haraka na haiko sawa ndani na nje.

Hapa niseme jambo la Kisumu na Nakuru. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, shinikizo la hewa karibu kilopaskali 88. Nakuru iko kama mita 1,850, shinikizo karibu 81. Hewa nyembamba inaachia wingu lipanuke zaidi, linapoa kwa njia tofauti, msongamano unashuka mapema. Kwa hivyo usichukue grafu ya urekebishaji iliyotengenezwa Mombasa ukaitumia Njoro, na ukilinganisha na jarida la Ulaya andika shinikizo lako. Kipimo cha shinikizo cha simu kinatosha. Hii inawahusu hata wale hawajali plazma yenyewe wanataka tu kupima madini ya risasi (lead) kwa 405.78 au zebaki kwa 253.65 kwa udongo wa machimbo ya dhahabu ya Kakamega na Migori. Ukali wa mistari yao unategemea joto la plazma, na joto likihama, risasi inaonekana imeongezeka kwa udongo na haijaongezeka.

Hatua ya 6: piga picha plazma ikiwa mapema

Spektra haikusaidii nanosekunde za kwanza. Hapo tumia mwale wa pili, mdogo, wa 532, uliokatwa kutoka kwa leza hiyo hiyo, upite pembeni ya shabaha. Ukiuzungusha kwa vioo mita 3 zaidi, umefika nanosekunde 10 baadaye, hauhitaji saa ya elektroniki yoyote. Kamera ya kawaida bila geti inafanya kazi, kwa sababu pigo lenyewe ndio linafungua na kufunga, weka tu filta nyembamba ya 532 mbele yake na utengeneze plazma kwa 1064 ili mwanga usichanganyike.

Picha ya kivuli ndio rahisi, inaonyesha wimbi la mshtuko na mahali msongamano unapinda ghafla, lakini haikupi namba moja kwa moja. Namba unapata kwa intafaromita, inayokutanisha mwale uliopita kwa plazma na ule usiopita mpaka michirizi ya mwanga na giza itokee. Kwa 532 msongamano wa kikomo, ule ambao mwanga hauwezi kupita, ni kama 4 × 10^21 kwa sentimita ujazo, na michirizi inahama nafasi moja kamili kwa kila elektroni 4.2 × 10^17 kwa sentimita mraba zilizo njiani. Plazma ya milimita 1 yenye 10^18 inahamisha robo tu ya mchirizi, kwa hivyo meza ikitikisika kidogo umepoteza kila kitu. Elektroni zinahamisha michirizi upande mmoja, hewa iliyobanwa na mshtuko inahamisha upande wa pili. Ukiona imepinda pande mbili kwa picha moja usiifute, hiyo ndio picha sahihi, na mpaka kati yao ndio ukingo wa plazma. Ukitaka msongamano wa ndani kwa ndani fanya hesabu ya Abel, inayogeuza jumla ya njia nzima kuwa msongamano wa kila mahali, ila plazma iwe na umbo la mviringo kweli ukiitazama kutoka juu, kama spoti yako ni yai basi hesabu inakudanganya.

Hatua ya 7: eksrei

Hewani sahau. Eksrei ya keV 1 (yaani eV 1,000) kwa hewa ya Kisumu inabaki theluthi moja hivi baada ya kupita chini ya milimita 3. Lazima chemba itolewe hewa, na habari njema ni kwamba pampu ya hatua mbili ya mafundi wa friji, ikishuka mpaka milibaa 0.05, tayari inatosha kwa hii kazi, kwa shinikizo hilo keV 1 inaweza kwenda makumi ya mita. Haitoshi kupima ioni, kwa sababu zinagongana na hewa iliyobaki kila milimita moja hivi, lakini eksrei zinapita. Oda mwili wa chemba kwa fundi wa juakali mwenye lathe nzuri, unganishi za mpira ziwe safi na zipakwe grisi ya vakyumu kidogo sana.

Unahitaji pia nguvu zaidi. Ile 1.6 × 10^11 itakupa mwanga wa urujuani wa mbali na eksrei laini kidogo. Ukiwa na milijuli 400, nanosekunde 5, spoti ya mikromita 50, unafika kama 4 × 10^12, na hapo unaanza kupata ishara ya kufanyia kazi.

Kipokezi cha kwanza ni fotodaiodi ya silikoni isiyo na kifuniko. Zile za plastiki nyeusi zinameza eksrei laini kabla hazijafika. Silikoni inahitaji eV 3.66 kwa kila jozi ya chaji, kwa hivyo inatoa kama ampea 0.27 kwa wati, karibu sawa kwa nishati zote ambazo zinaishia ndani yake. Ukiona volti 0.5 kwa om 50, hiyo ni miliampea 10, yaani kama miliwati 37 za eksrei zimeingia kwa daiodi.

Mbele yake weka karatasi ya alumini. Foili ya jikoni ina unene wa kama mikromita 15 lakini usiamini pakiti, kata mraba wa sentimita 10 kwa 10 upime uzito, mikromita 15 kamili ni gramu 0.405. Alafu ishike dhidi ya taa uangalie vitundu, kitundu kimoja kinapitisha mwanga mwingi kuliko eksrei zote. Foili hii inapitisha kama asilimia 20 kwa keV 1.5, alafu juu ya keV 1.56 inafunga kabisa, inaanza kufunguka tena polepole, asilimia 4 kwa keV 3, 46 kwa keV 5. Kwa keV 1 ni chini ya asilimia 1. Na shaba ikichemka vizuri inang'aa sana karibu na keV 1! Kwa hivyo kwa shaba foili ya jikoni inaua ishara yako, tafuta ya mikromita 2 ambayo inapitisha nusu, ama ya beriliamu ambayo haina ule mkato wa ghafla kwa eneo hili, ila usiikate wala kuisugua beriliamu, vumbi lake ni sumu.

Kabla ya kushangilia ishara fanya majaribio matatu. Weka kipande cha kioo cha slaidi mbele: kioo kinapitisha mwanga na kinazuia eksrei laini, kwa hivyo ishara ikibaki, una mwanga unaovuja. Funika daiodi kabisa na chuma: ishara ikibaki, ni kelele ya leza kupitia kebo. Alafu angalia saa. Eksrei zinakuja pamoja na pigo la leza na zina urefu wa nanosekunde chache. Kitu kinachokuja mikrosekunde 2 baadaye kwa umbali wa sentimita 20 kina mwendo wa kilomita 100 kwa sekunde, hizo ni chembe, sio mwanga.

Kwa joto, tumia daiodi mbili zenye foili za unene tofauti zikitazama shoti moja, kwa pembe sawa. Uwiano wake ulinganishe na uwiano uliohesabiwa kwa spektra kamili ya joto mbalimbali, ukiingiza upitishaji wa foili kwa kila nishati. Usikisie kwa kichwa na usitumie ule mchoro rahisi wa mwanga mfululizo kwa shaba, mistari yake imejaa humo ndani. Programu ya kompyuta ya FLYCHK inaweza kukupa spektra ya kuanzia. Ama ubadilishe shabaha iwe grafaiti, hapo hesabu inatulia.

Kamera ya tundu la sindano, tundu la mikromita 20 hadi 50 kwa karatasi ya metali nzito, inakuonyesha ukubwa wa ile sehemu inayotoa eksrei, na mara nyingi sio sawa na spoti ya leza. Kwa wenye leza kubwa ya juli kadhaa na zaidi ya 10^13, kuna spektromita ya fuwele. Maika safi iliyopasuliwa vizuri ina umbali wa 2d wa kama angstromu 19.9, na mstari wa alumini iliyobaki na elektroni mbili, keV 1.598, angstromu 7.757, unaukuta kwa nyuzi kama 22.9. Ukiona pia ule wa keV 1.728 wa alumini yenye elektroni moja, plazma yako ni moto wa mamia ya eV, na uwiano wa hiyo miwili unakupa joto bila foili yoyote.

Hatua ya 8: weka zote kwa mchoro mmoja

Mlalo iwe saa kutoka sifuri kwa skeli ya logi, nanosekunde 1 hadi mikrosekunde 10. Wima iwe joto, pia kwa logi. Kila nukta iandikwe umbali kutoka kwa shabaha na shinikizo la chemba, manake eksrei umepima kwa vakyumu na mistari ya shaba umepima kwa hewa, na hizo sio plazma moja mpaka urudie spektra ukiwa ndani ya vakyumu hiyo hiyo. Rudia kweli. Mwanga utakuwa hafifu, mistari itazimika mapema, lakini utakuwa na haki ya kuunganisha nukta. Chora mchoro wa pili wa msongamano, intafaromita mapema, hidrojeni baadaye.

Unatarajia joto lishuke kutoka makumi au mia ya eV hadi 1 bila kupanda popote, na msongamano ushuke pamoja nalo. Joto likionekana kupanda katikati, shuku kwanza kujimeza kwa mistari, alafu sifuri ya kamera. Eksrei zikikupa joto kubwa kuliko nguvu yako inavyoruhusu, shuku kitundu kwa foili. Na kama kila kitu kimekaa sawa lakini siku ya pili namba zote zimehama kwa pamoja upande mmoja, lenzi imeingia vumbi la shaba au fokasi imesogea, rudi upige mashimo upya upime spoti kabla haujagusa kitu kingine chochote.